Wimbo wa Kurudi Nyumbani Umekwama? Tafuta Hitilafu kwa Dalili Zake

Nyimbo za hamu ya nyumbani huanza kirahisi. Ubeti wa kwanza hushuka wenyewe usiku mmoja, kiitikio kinafuata nyuma yake, halafu mambo yanasimama. Au wimbo unakamilika, unauimba mbele za watu, wanapiga makofi ya heshima na kurudia mazungumzo yao. Mtunzi anajua kuna kitu hakijakaa sawa ila hajui ni kipi, basi anagusa kilicho karibu: anaongeza fidla, anapunguza kasi, anamwingiza mama kwenye ubeti wa tatu. Ni kama fundi anayebadilisha balbu kabla ya kupima kama umeme upo.

Hapa chini nimezipanga hitilafu kwa dalili zake. Soma inayofanana na yako, nyingine ziruke. Kabla ya yote, jibu swali moja kwa sentensi moja tu, kwa sababu kila hitilafu utakayoisoma hapa inagusana nalo kwa namna fulani: anayeimba amesimama wapi?

Sehemu za kusimama ni nne. Yuko bado ugenini, hana tarehe ya kurudi. Yuko njiani. Yuko mlangoni, mkono umeshika kitasa. Au yuko ndani, siku zimeshapita, na mizigo imefunguliwa. Kila sehemu ina kitenzi chake: wa kwanza husema "ningali" na "ningekuwa", wa pili "nitakapofika", wa tatu "nimefika", na wa nne, ambaye watunzi wengi humsahau, husema "nilidhani". Andika jibu lako juu kabisa ya karatasi. Anayeimba anaweza kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine wimbo unapoendelea, na nyimbo nzuri za aina hii mara nyingi hufanya hivyo, lakini ahame kwa kujua. Ubeti wa pili ukianza na "nimefika" na kiitikio kikaja na "lini nitarudi", msikilizaji hatakwambia kuwa njeo zimegongana. Ataacha tu kusikiliza.

Dalili: ni mzuri, lakini ungeweza kuwa wa mtu yeyote

Jipime hivi. Kila ulipoandika "nyumbani", weka "peponi". Ikiwa wimbo bado unaleta maana, basi hujaandika juu ya nyumbani. Umeandika juu ya mahali pazuri: kuna amani, kuna upendo, kuna wapendwa, jua linachwea vizuri. Hayo yote ni sifa, na sifa hazina anwani.

Sababu yake ni kwamba mtunzi mwenyewe akitamka "nyumbani" picha nzima humjia bila kazi, akadhani na msikilizaji amepata picha ileile. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliligusa jambo hili katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768. Alieleza habari za melodi ya wachunga ng'ombe wa Uswisi, iliyokatazwa kupigwa mbele ya askari Waswisi waliotumikia majeshi ya nje, kwa kuwa ilisemekana kuwaliza, kuwatorosha kambini, hata kuwaua kwa hamu ya kwao. Ila Rousseau aliongeza jambo linalotufaa zaidi kuliko kisa chenyewe: melodi hiyohiyo ikipigiwa mtu asiye wa huko, haimfanyi chochote. Nguvu haikuwa ndani ya sauti. Ilikuwa ndani ya kumbukumbu za anayesikia.

Sasa msikilizaji wako ndiye huyo asiye wa huko. Hana kumbukumbu yako, na huwezi kumwazima. Unachoweza ni kumtengenezea moja ndani ya wimbo wenyewe. Chagua kitu kimoja, kidogo, cha kusikika au kushikika, ukipande kwenye ubeti wa kwanza bila kukisifia. Ubeti wa mwisho ukirudi pale pale, msikilizaji naye atakuwa na kumbukumbu ya kitu hicho. Ina umri wa dakika tatu tu, lakini ni yake.

Tuseme umechagua mlango wenye bawaba inayolia. Ubeti wa kwanza:

Mlango unapolia, mama jina huniita,
kabla sijaonekana, sauti yake yapita.

Na wa mwisho:

Bawaba wameitia mafuta, nami napita,
nimefika sebuleni, hakuna aliyeita.

Hakuna neno "hamu" humo, wala "uchungu", wala "machozi". Mlango umetengenezwa, jambo ambalo ni zuri kabisa, na ndilo linaloumiza. Angalia pia kwamba mistari ya mwisho haina maana kwa mtu aliyekosa ile ya kwanza. Ukiona ubeti wako wa mwisho unaeleweka vilevile bila wa kwanza, hujapanda kitu.

Kimoja kinatosha. Watunzi wakishaielewa mbinu hii hupanda bawaba, ndoo, ngazi, kikohozi cha babu na harufu ya mvua ndani ya mistari minane, na matokeo yake ni orodha ya vyombo vya nyumba.

Dalili: msikilizaji anauliza, "Kwani si arudi tu?"

Hili ni swali la haki kabisa. Kama kinachomtenganisha anayeimba na kwao ni nauli ya basi, apande basi. Wimbo wa hamu unasimama juu ya kizuizi, na wimbo ambao haukitaji huonekana kama manung'uniko.

Kizuizi si lazima kiwe kikubwa wala kielezwe kirefu. Mshororo mmoja unatosha: kazi haijaisha, deni, ugomvi na kaka, aibu ya kurudi mikono mitupu, mtoto aliyezaliwa huku na anayepaita huku kwao. Vya ndani, kama aibu na ugomvi, huzaa wimbo mrefu zaidi kuliko vya nje, kwa kuwa umbali unaweza kuisha siku moja na aibu ikabaki. Mahali pake pazuri ni daraja, kile kipande kinachokuja mara moja tu kabla ya kiitikio cha mwisho, chenye melodi yake. Huko msikilizaji ameshakuhurumia, sasa mpe sababu ya kukuelewa.

Zaburi ya 137 ina kizuizi cha namna hii. Mateka wameketi kando ya mito ya Babeli, wametundika vinubi vyao kwenye miti, na waliowateka wanawataka waimbe nyimbo za kwao kama burudani. Wameombwa waimbe, na kuimba ndiko kunakowashinda. Hakuna anayesoma hapo na kuuliza mbona hawarudi.

Dalili: vina vipo vyote, lakini wimbo unachosha sikio

Hesabu mishororo inayoishia na "-ni". Nyumbani, njiani, moyoni, machoni, ugenini, kitandani, mbinguni. Kiswahili kimetupa mtego hapa: karibu kila jina tunaloligeuza kuwa la mahali, badala ya kusema "ndani ya" au "kwenye", linapata kiambishi hichohicho, na wimbo wa safari na makazi umejaa mahali. Kina kinapatikana bila jasho, na sikio linajua kwamba hukutoa jasho.

Tiba ya haraka ni kuhamisha "nyumbani" kutoka mwisho wa mshororo hadi katikati, ili mwisho ushikwe na kitenzi. Vitenzi vina miisho ya kila namna: -ta, -ka, -za, -sha, na vinasukuma habari mbele. Tiba ya pili ni "kwetu". Ni fupi kwa silabi moja, ina kina chake, na inabeba watu pamoja na mahali. Ukiwa na sababu ya kubaki na "-ni", basi bana zaidi: dai silabi mbili za mwisho zifanane, si moja. "Ugenini" na "nini" zinakidhi sharti hilo, "ugenini" na "moyoni" hazikidhi.

Dalili: maneno yanapigana na melodi

Ubeti wa kwanza unaimbika vizuri, wa pili kwa melodi ileile unajikwaa. Sababu ni mbili, na zote hupimwa kwa kupiga makofi.

Ya kwanza ni mizani. Ubeti wa kwanza una silabi nane kila kipande, wa pili una tisa hapa, kumi pale. Kumbuka kuwa "m" inayosimama yenyewe ni silabi: m-to-to ni tatu, m-la-ngo ni tatu. Silabi moja ya ziada inaweza kumezwa mwanzoni mwa mshororo, kabla ya pigo la kwanza. Katikati haimezeki.

Ya pili ni mkazo, na wengi hawaioni kwa sababu hesabu ya silabi inakuwa sawa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mkazo huhama neno likirefuka: NYU-mba, lakini nyu-MBA-ni. RU-di, ni-ta-RU-di, lakini ni-ru-di-SHE-ni. Ikiwa pigo zito la melodi lilikaa kwenye silabi ya kwanza ya "nyumba", ukiweka "nyumbani" pale pale utamlazimisha mwimbaji aseme NYU-mbani, na atasikika kama mtu anayejifunza lugha. Neno moja lililopindwa hivyo huweza kuwa pambo. Matatu ni hitilafu. Soma ubeti kwa sauti ya kawaida huku ukipiga makofi kwenye mikazo, kisha uimbe ukipiga makofi kwenye mapigo mazito. Makofi yasipokutana, badilisha neno kwanza. Melodi iache ilivyo mpaka uwe umeshindwa kabisa.

Papo hapo, angalia irabu iliyokalia noti ya juu na ndefu. "A" hufungua mdomo na koo, "i" na "u" hubana. Neno "nyumbani" limejaliwa: silabi yenye mkazo ndiyo yenye "a". Mpe "mba" ile noti ndefu, na "ni" idondoke fupi chini yake. Nimesikia viitikio vingi vikivuta "niiii" kileleni, na kila mara mwimbaji ndiye anayelaumiwa.

Dalili: kiitikio kinasema hamu lakini hakisikiki hivyo

Maneno ni ya mtu aliye mbali, muziki ni wa mtu aliyekwisha kufika. Hapa hitilafu iko kwenye kodi za gitaa au kinanda, yaani zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja.

Kila kii, yaani familia ya noti ambamo wimbo unaimbwa, ina kwao. Kwa wanaosoma solfa (do, re, mi) ni do, na kwenye kii ya C ni kodi ya C. Sikio lililozoea muziki wa aina hii husikia kodi hiyo kama kufika na kutua. Sasa chukua mzunguko unaopendwa kuliko yote, C, G, Am, F, ukizungushwa kuanzia mwanzo hadi mwisho: unarudi nyumbani kila baada ya vipimo (makundi ya mapigo) vinne. Msikilizaji hawezi kuitamani do ambayo hajawahi kuikosa.

Mnyime. Anza ubeti kwa Am au F. Umalize kwa G, ile so inayodai kurudi, halafu usirudi. Kwenye kiitikio, sikio linapongoja G iende C, mpeleke Am: noti mbili za C na Am ni zilezile, kwa hiyo hasikii kosa, anasikia kuwa amekaribia akakosa. Ifiche C yenye nguvu mpaka mahali ambapo anayeimba anafika kweli. Ikiwa hafiki, acha wimbo uishie kwenye G, au kwenye F. Njia nyingine inayonipendeza kuliko zote ni kwenda F, kisha F ndogo (Fm), kisha C. La inateremka nusu hatua, halafu nusu hatua nyingine hadi so. Ni kufika, ila kufika kwa aliyechoka. Itumie mara moja tu katika wimbo mzima.

Melodi nayo ifuate mkondo huohuo. Mishororo ya ubeti iishie kwenye re au so, si do. Kama muziki wako hauna kodi, una ngoma na sauti tu, hii ndiyo sehemu inayokuhusu: noti ya kutulia icheleweshe.

Kasi sijaitaja, kwa makusudi. Watunzi hukimbilia kupunguza mwendo hadi mapigo 60 kwa dakika wakidhani huzuni ni polepole. Wimbo wa aliye njiani unaweza kwenda kwa 110 na ukauma vizuri, kwa sababu magurudumu hayangoji moyo.

Dalili: ubeti wa tatu ni wa kwanza uliovaa nguo nyingine

Anayeimba hajahama. Rudi kwenye zile sehemu nne, msogeze hatua moja. Kama hawezi kusogea, futa ubeti huo. Wimbo wa beti mbili si wimbo mpungufu.

Dalili: mama yupo, lakini hafanyi kitu

Mama anayependa, anayesubiri na anayeombea ni picha ukutani. Mpe tendo moja ambalo mama wa mtu mwingine hafanyi. Ukikosa, mtoe, umweke mtu usiyetarajiwa: jirani mliyekosana, mwalimu, mdogo wako ambaye sasa amekupita urefu. Kuna nafasi kubwa zaidi ya kusema jambo jipya kwa mtu ambaye hajaimbiwa.

Dalili: sehemu ya kurudi haiaminiki

Kwa hesabu yangu hii ndiyo hitilafu inayoua nyimbo nyingi kuliko nyingine, na huonekana kama ushindi. Anayeimba anafika, wote wanakimbilia barabarani, ngoma zinaingia, kii inapanda. Msikilizaji aliyewahi kurudi kwao anajua sivyo ilivyokuwa. Dakika kumi za kwanza labda. Kisha kuna kimya cha ajabu mezani, kuna mzaha usiouelewa kwa sababu ulizaliwa ukiwa haupo, kuna kitanda chako kinacholaliwa na mtu mwingine.

Mwanasosholojia Alfred Schütz aliandika mwaka 1945, askari wakiwa wanarejea kutoka vitani, kwamba anayerudi hutarajia kukuta mahali alipopaacha, kumbe nyumba imeendelea kuishi bila yeye, na yeye ameishi bila nyumba. Kila upande umemtunza mwenzake kama alivyokuwa siku ya kuagana. Ukiliweka hilo moyoni, utaona hitilafu ya ubeti wako wa kurudi: umemwandikia anayeimba mabadiliko, nyumbani umepagandisha. Au umefanya kinyume, nyumbani pamebadilika sana na yeye amebaki malaika yuleyule.

Marekebisho yake si kuharibu furaha. Furaha iache, ila itoboe mahali pamoja. Jambo moja liwe tofauti, na anayeimba alione peke yake wakati wengine wanashangilia. Kisha, hapa ndipo kiitikio kinapolipa, kirudie bila kubadilisha neno hata moja. Kama kiitikio ni "nipeleke kwetu", katika ubeti wa kwanza kilikuwa ombi la aliye mbali. Baada ya ubeti huu anakiimba akiwa amesimama ndani ya nyumba hiyohiyo, na maana imegeuka yenyewe. Kikishindwa kugeuka, kinasema jambo mahususi mno ("nipandishe basi nirudi"), kiachie nafasi kidogo.

Usipandishe kii hapo. Ikiwa vidole vinawasha, ishushe.

Dalili: kwa gitaa moja unatoa machozi, kwa bendi nzima umekufa

Ala zote zimeingia kiitikio cha kwanza na hazitoki. Hamu ni habari ya kukosekana, na katika mpangilio wako hakuna kilichokosekana.

Mwaka 1772 mtunzi Joseph Haydn alikuwa na shida ya vitendo: mwanamfalme Nikolaus Esterházy alikuwa amewashikilia wanamuziki wake kwenye kasri la kiangazi kuliko walivyotarajia, nao walitaka kurudi kwa familia zao. Haydn akaandika simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, inayohesabiwa kuwa ya 45 kati ya simfoni zake, ambayo mwishoni wapigaji wanaacha kupiga mmoja baada ya mwingine, wanazima mishumaa na kuondoka, mpaka zinabaki fidla mbili. Inasimuliwa kwamba mwanamfalme alielewa, na kesho yake safari ikaanza. Hakuna aliyeimba neno.

Jaribu kwa kipimo chako. Toa besi ubeti mzima wa pili. Wape waitikiaji kiitikio cha kwanza, kisha cha pili kiimbwe na sauti moja, na ile nafasi ya waitikiaji iachwe wazi, vipimo vilevile, bila kujazwa na gitaa. Mpiga gitaa atataka kuijaza. Mkataze.

Dalili: huwezi kuumaliza bila kulia

Si hitilafu ya wimbo, lakini jukwaani ni tatizo kama matatizo mengine. Kilio hubana koo, na koo lililobanwa hushindwa na noti za juu kwanza. Tazama mshororo unaokuvunja: karibu daima neno zito limekalia noti ya juu kabisa. Lishushe neno hilo hadi noti ya katikati, au shusha kii nzima hatua moja au mbili. Weka pumzi kabla ya mshororo, si katikati yake, na uiandike kwenye karatasi ili usiisahau. Uimbe kwa irabu tupu mara kadhaa mazoezini hadi mwili uijue njia bila msaada wa maana. Na ikiwa bado unakukatika palepale, wape waitikiaji mshororo huo, wewe uingie kwenye unaofuata.